Barua ya wazi kwa wanaotia saini vibali vya bahari: mnachokiita sakafu kilikuwa nchi ya watu

Waheshimiwa mawaziri, wakurugenzi wa mamlaka za bahari, wakuu wa idara za nishati, madini na mambo ya kale,

Kati ya 2014 na 2015, mita za ujazo zipatazo milioni 5 za mchanga zilifyonzwa kutoka Mlango wa Madura, Indonesia, kwenda kujaza eneo jipya la bandari karibu na mji wa Surabaya. Mchanga ulimwagwa na kusawazishwa, ukakauka. Ndipo juu yake ikaanza kuonekana mifupa. Waliokwenda kuiokota walipata visukuku zaidi ya 6,000 vya wanyama wa aina 36, wakiwemo viboko, nyati, tembo wa jamii iliyokwisha kutoweka na kenge wakubwa wa Komodo. Katikati ya vyote hivyo vilikuwemo vipande viwili vya fuvu la Homo erectus, binadamu wa kale wa Java. Matokeo yalichapishwa 2025: pale palipochotwa mchanga palikuwa bonde la mto Solo, yapata miaka 140,000 iliyopita, wakati kisiwa cha Java kilipokuwa kimeshikana na bara la Asia. Baadhi ya mifupa ya kasa na ya wanyama wa jamii ya ng'ombe ina alama za kukatwa. Watu waliwinda na kula pale.

Naanza na habari hii kwa sababu kilichotafutwa kilikuwa mchanga, na fuvu likaja kama takataka ndani ya mchanga. Tumelipata fuvu. Tabaka lililolilaza miaka yote hiyo lilipita ndani ya bomba, likachanganyika, na hakuna tena awezaye kusema lililala kando ya nini, jiwe gani lilikuwa mkononi mwa nani, wala nani aliyemkata kasa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla hamjatia saini kibali chochote cha kuchimba, kulaza nyaya, kufyonza mchanga au kusimika mitambo chini ya bahari, eneo hilo lichunguzwe kama nchi iliyokaliwa na watu, na sheria zenu ziitaje nchi hiyo kwa jina. Hayo mengine nitakayoandika ni sababu zangu.

Tazameni ramani iliyo ukutani mwa ofisi zenu. Ufuo ni mstari: upande mmoja kuna miji, mito na barabara, upande wa pili ni rangi ya samawati isiyo na neno. Mstari huo ni wa juzi. Takriban miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda katika mabarafu yaliyofunika kaskazini mwa Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 au zaidi. Ardhi iliyokuwa kavu wakati ule na sasa imefunikwa hukadiriwa kufikia kilomita za mraba milioni 20, yaani karibu theluthi mbili ya bara zima la Afrika. Mtu angeweza kutoka Uingereza hadi Denmark kwa miguu. Asia na Amerika ziliunganishwa na nchi pana tunayoiita Beringia. Australia, Tasmania na Guinea Mpya zilikuwa bara moja, Sahul. Ghuba ya Uajemi lilikuwa bonde la mto. Unguja ilishikana na bara, ndiyo maana wachimbaji wa pango la Kuumbi walikuta humo mifupa ya pundamilia.

Na nchi hiyo haikuwa pembezoni mwa maisha ya watu. Mabonde ya chini, midomo ya mito, vinamasi na ufuo ndivyo vilivyokuwa na samaki, kome, ndege, mbuga za malisho na maji ya kunywa. Wawindaji na wavuvi wa zama hizo walikaa palipo na chakula, kama yeyote angekaa. Tunachokichimba leo kwenye nchi kavu, mara nyingi, ni nyuma ya nyumba zao: vilima walivyopanda kwa msimu, mapango waliyojikinga mvua. Tumeandika historia ndefu ya binadamu tukiwa tumesoma kurasa za pembeni, na kitabu chenyewe kiko chini ya maji. Mtafiti akisema "hakuna ushahidi wa wavuvi kabla ya wakati fulani", mara nyingi maana yake ni kwamba ufuo walioukalia wavuvi hao uko chini ya mita 50 au 80 za maji, na hakuna aliyekwenda kuutazama.

Barafu ilipoyeyuka, bahari haikupanda kwa mwendo mmoja. Kuna karne ilikwenda polepole, na kuna karne ilikimbia. Yapata miaka 14,500 iliyopita ilipanda takriban mita 4 kwa kila karne, kwa karne tatu au zaidi mfululizo. Kwenye nchi tambarare, mita 4 ni kilomita nyingi za ardhi. Mtu aliyeonyeshwa kaburi la babu yake akiwa mtoto angeweza kulikuta limelambwa na mawimbi kabla mwenyewe hajazeeka.

Kuna ukuta mmoja ambao umenikaa moyoni kuliko vitu vyote nilivyowahi kusoma kuhusu nchi zilizozama. Uko pwani ya Karmeli, Israeli, kwenye mabaki ya kijiji cha kale kiitwacho Tel Hreiz, chini ya maji. Miaka 7,000 iliyopita wanakijiji walikusanya majabali, yakabebwa kutoka mahali pengine, yakapangwa mstari wa zaidi ya mita 100 kati ya nyumba zao na bahari. Vijiji vingine vilivyozama pwani hiyo havina kitu kama hicho. Watafiti walioutangaza 2019 wanasema huo ndio ukuta wa kuzuia bahari wa kale kuliko wote unaojulikana. Wanakadiria kwamba maji yalikuwa yakipanda milimita 4 hadi 7 kwa mwaka. Bahari ya leo inapanda kwa zaidi ya milimita 4 kwa mwaka.

Nawaomba msipite haraka hapo. Milimita 4 kwa mwaka haionekani kwa macho. Wale watu hawakuona bahari ikipanda. Waliona bamvua moja ikifika mahali ambapo haikufika zamani, kisha dhoruba ikabomoa ukuta wa nyumba ya mwisho, kisha wazee wakakumbuka kwamba ufuo ulikuwa kule mbele zaidi. Wakakaa kitako wakashauriana. Lazima walishauriana, kwa maana majabali ya ukubwa ule hayaburutwi na familia moja. Wakachagua kubaki na kupigana. Baadaye kijiji kilihamwa, bahari ikapita juu ya ukuta na juu ya kila kitu.

Karibu na hapo, kwenye kina cha mita 8 hadi 12, kuna kijiji kingine cha kale zaidi, Atlit Yam, kilichogunduliwa 1984. Kina kisima kilichojengwa kwa mawe ambacho, maji ya chumvi yalipokaribia, kiliacha kuwa kisima kikawa jaa la kutupia mifupa na taka. Kina makaburi pia, na katika mifupa ya mwanamke na mtoto mchanga waliozikwa pamoja miaka 9,000 iliyopita wanasayansi wamekuta dalili za kifua kikuu. Historia ya ugonjwa unaoua watu hata sasa imepata ukurasa wake mmoja kutoka chini ya bahari, kwa sababu tope lilimfunika mama na mwanawe vizuri.

Tope ndilo jambo ambalo ningependa kila afisa wa vibali alielewe. Kwenye nchi kavu mbao huoza, kamba huoza, kapu huoza, nasi hubaki na mawe tu, tukadhani watu wa kale walikuwa watu wa mawe. Lakini palipo na tope zito lisilopenyeza hewa, vinabaki vile vilivyokuwa maisha yao hasa. Tybrind Vig, Denmark, wazamiaji walitoa makasia ya mbao yaliyonakshiwa na mtumbwi wa gogo wenye urefu wa zaidi ya mita 9. Kwenye mwamba wa Bouldnor, karibu na Isle of Wight, Uingereza, kwenye kina cha mita 11, wamepata kamba iliyosokotwa na mbao zilizopasuliwa kwa ustadi miaka 8,000 iliyopita. Eneo hilo lilijulikana 1999 kwa sababu kambakochi mmoja alikuwa akichimba shimo lake na kutupa nje vipande vya gumegume vilivyochongwa na binadamu, mzamiaji akaviona. Tope hilo hilo likikatwa na nanga, na nyavu za kukokota au na mkondo uliobadilishwa njia na ujenzi, hewa huingia, viumbe wanaotoboa mbao huingia, na kilichodumu miaka 8,000 hakimalizi hata miongo michache. Bouldnor yenyewe inamomonyoka, na wazamiaji huko wanashindana na maji.

Kwa hiyo thamani haimo kwenye kifaa peke yake. Imo kwenye udongo wa mboji, kwenye chavua ya miti iliyonaswa humo, kwenye mizizi iliyosimama palepale ilipoota, kwenye mkondo wa mto uliozibwa na mashapo. Mwaka 1931 meli ya uvuvi iitwayo Colinda ilinasa wavuni bonge la mboji kutoka sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Nahodha alipolipasua alikuta ndani yake ncha ya chusa iliyochongwa kwa pembe, yenye meno upande mmoja. Baadaye kipimo cha kaboni kilionyesha ina zaidi ya miaka 13,000. Ncha ni nzuri, iko makumbusho. Bonge lile ndilo lililoonyesha kwamba pale palikuwa na nchi ya maji baridi na mimea, mbali kabisa na pwani ya leo. Nchi hiyo mwaka 1998 mwanaakiolojia Bryony Coles aliipa jina la Doggerland.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako ndiko lawama yangu iliko. Sheria nyingi za urithi wa chini ya maji ziliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza merikebu. Meli iliyozama ina jina, bendera, tarehe, shehena. Mwanasheria anajua aanzie wapi. Nchi iliyozama haina hata kimoja. Sheria ya Australia ya 2018 inazilinda moja kwa moja meli na ndege zilizozama zikitimiza miaka 75. Mahali walipoishi Wenyeji wa Asili wa bara hilo kabla ya maji kupanda hapapati ulinzi huo wa moja kwa moja, mpaka waziri atoe tamko. Ndege ya mwaka 1942 inalindwa bila mtu kuomba, na makao ya miaka 8,000 yanasubiri hati.

Nami nasema makao hayo yapo, kwa sababu yamepatikana. Mwaka 2020 watafiti, wakishirikiana na wazee wa Murujuga, Australia Magharibi, walitangaza maeneo mawili chini ya maji. Moja, Cape Bruguieres, lilitoa zana za mawe 269. La pili ni chemchemi ya maji baridi iliyoko sasa kwenye kina cha mita 14, ikiwa na zana ya jiwe kando yake, yenye umri usiopungua miaka 8,500. Fikirini chemchemi ambayo watu waliinamia kunywa, na sasa iko chini ya mita 14 za chumvi. Huko huko Australia, watafiti Patrick Nunn na Nicholas Reid wamekusanya simulizi za pwani kutoka sehemu 21 zinazosimulia jinsi bahari ilivyokuja kuchukua ardhi. Wenyewe hawakuisahau nchi yao.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi wa chini ya maji, ulioanza kutumika 2009, hauna upungufu huu. Unataja maeneo, majengo, mabaki ya binadamu, vitu vya kabla ya historia, pamoja na mazingira yake ya asili, mradi vimekaa majini miaka 100. Nchi iliyozama imekaa miaka 100 mara nyingi kupita kiasi. Unaelekeza pia kwamba kuviacha palepale vilipo ndiyo njia ya kwanza ya kufikiriwa. Baadhi ya mataifa makubwa ya bahari, Marekani na Uingereza miongoni mwao, hayajauridhia. Mataifa yaliyouridhia yana kazi nyingine: kuushusha kutoka kwenye kabati la wizara ya utamaduni hadi kwenye meza ya afisa anayetoa kibali cha mchanga, ambaye mara nyingi hajawahi kuusikia. Nimesoma taarifa za tathmini ya mazingira ambazo sura yake ya urithi yote ilikuwa orodha ya meli zilizozama. Meli zikikosekana, sura inafungwa kwa maneno kwamba hakuna urithi katika eneo. Maneno hayo hutiwa saini, na mashine hushuka.

Najua mtajibu nini. Mtasema bahari ni kubwa, na haiwezekani kuchimbua kila tope. Hakuna anayeomba hivyo. Mito ya kale ina mahali pake, vilevile maziwa, matuta ya mchanga na fukwe za kale. Vyote husomeka kwa mitetemo ya sauti inayopenya ardhini, na jambo ambalo linaniuma ni kwamba sehemu kubwa ya vipimo hivyo mnavyo tayari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakiongozwa na Vincent Gaffney waliomba vipimo ambavyo kampuni ya utafutaji wa mafuta ilikuwa imeshavikusanya katika Bahari ya Kaskazini kwa kazi zake. Kwa vipimo hivyo walichora kilomita za mraba 23,000 za nchi iliyozama: mito, maziwa, vilima, mwambao. Hawakuchimba shimo hata moja kuchora ramani hiyo. Walipewa tu kilichokuwa kimehifadhiwa ghalani.

Vipimo vya namna hiyo viko katika maghala ya wizara na kampuni katika kila nchi iliyotafuta mafuta na gesi baharini. Fanyeni iwe sharti la leseni kwamba vikikusanywa, sehemu ya juu ya vipimo hivyo, ile mita chache za kwanza ambazo mtafuta mafuta hazimsaidii, ifike kwa wanaakiolojia baada ya muda mtakaoupanga. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtasema pia kwamba miradi itachelewa. Bandari ya Rotterdam ilipopanuliwa kwa kujaza bahari, eneo la Maasvlakte 2, wataalamu waliingizwa kazini mapema. Walisoma mashapo kwa mitetemo, wakatoboa mashimo machache ya sampuli, wakabaini tuta la kale la mchanga kando ya mto uliozama, kisha mwaka 2011 wakachota tope kutoka kina cha takriban mita 20 na kulichekecha. Walipata gumegume, mkaa, mifupa iliyoungua, maganda ya kokwa: jikoni mwa watu walioishi pale miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Bandari ilifunguliwa 2013. Wachimbaji wa mchanga wa Uingereza nao, tangu 2005, wana utaratibu wa kuripoti kila kinachookotwa kwenye mitambo yao. Majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, kwenye gati moja nchini Uholanzi, mtu mwenye jicho aliona mashoka ya mkono katika kokoto zilizotoka pwani ya mashariki ya Uingereza. Yalifika 28, ya zaidi ya miaka 200,000. Habari ilifika panapohusika, na uchotaji pale mahali ukasimamishwa, eneo likachunguzwa. Ilitosha kuwa na mtu wa kuambiwa.

Siwaombi mzuie mitambo ya upepo. Dunia inaihitaji, na anayeijua habari ya ukuta wa Tel Hreiz anajua kwa nini. Lakini nguzo ya mtambo inaweza kusogezwa mita 200 kwenye mchoro bila gharama ya maana, ikiwa mchoro bado ni karatasi. Ikishapigwa nyundo, imepigwa. Ukuta wa mawe wa karibu kilomita moja uliolala kwenye kina cha mita 21 katika ghuba ya Mecklenburg, Ujerumani, uligunduliwa 2021 na wanajiolojia waliokuwa wakiwafundisha wanafunzi kupima sakafu ya bahari. Hawakuwa wakiutafuta. Yaelekea wawindaji waliupanga zaidi ya miaka 10,000 iliyopita kuwaelekeza reindia, wanyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, njia waliyotaka wapite. Ungekuwa umekatwa na bomba au waya kabla ya 2021, hakuna ambaye angejua kilichokatwa.

Basi, waheshimiwa. Iandikeni nchi iliyozama ndani ya sheria, kwa maneno yake, isiachwe ndani ya "na vinginevyo". Mpeni mwanaakiolojia kiti siku mradi unapochorwa, maana siku mashine zinapowasili ameshachelewa. Wavuvi na wafanyakazi wa meli za mchanga wapewe namba ya kupiga wakiokota kitu, na wahakikishiwe kwamba kuripoti hakutawapotezea siku ya kazi wala samaki wao, la sivyo watakirudisha majini kimyakimya, nami sitawalaumu. Na pale ambapo wapo watu wanaosimulia kwamba mababu zao walitembea juu ya ardhi hiyo, waulizwe kwanza, kabla ya wote.

Hivi sasa kuna faili mezani kwa mmoja wenu. Lina ramani ya samawati yenye mstatili mwekundu katikati. Fungueni sura ya urithi. Ikiwa imetaja meli tu, irudisheni kwa mwombaji, mumwambie arudi na ramani ya mto uliopita hapo kabla ya bahari.

Nasubiri majibu yenu.